Kutoka Uzio hadi Kinga: Historia ya Kifaa cha Usalama na Jina Lake kwenye Matrekta ya Zamani ya Busia na Tororo

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya kinga ya shafti kwenye matrekta ya zamani yanayoendelea kufanya kazi katika ukanda wa Busia na Tororo, pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Uganda. Yanadai kwamba kukosekana kwa kinga hiyo hakuwezi kuelezwa kwa uzembe wa dereva au umaskini wa mwenye trekta pekee. Kuna historia tatu zilizokutana: ya mashine zilizoundwa kabla ya kinga kuwa sharti, ya sheria zilizotungwa kwa ajili ya kiwanda na si shamba, na ya lugha iliyoacha kifaa hiki bila jina la kudumu katika Kiswahili. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo kwa watunga sera wa nchi hizi mbili na wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

1. Utangulizi

Historia ya kilimo cha mashine katika Afrika Mashariki imeandikwa kwa kawaida kama historia ya ekari, tani na madeni. Mpango wa karanga wa Tanganyika, ulioanza Kongwa mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, umechambuliwa mara nyingi kama somo la mipango mibovu. Mashamba ya pamoja na huduma za kukodisha matrekta za miaka ya 1960 nchini Uganda nayo yamepimwa kwa hasara iliyopatikana na ardhi iliyolimwa. Mwili wa mtu anayesimama karibu na mashine haujapewa nafasi kubwa katika maandishi hayo, na maneno anayoyatumia mtu huyo kuitaja hatari iliyo mbele yake yamepewa nafasi ndogo zaidi.

Busia na Tororo ni mahali pafaapo kwa uchunguzi wa namna hii. Mpaka unaopita hapo ulichorwa na utawala wa kikoloni: mwaka 1902 sehemu ya mashariki ya Uganda ilihamishiwa himaya jirani, ambayo baadaye ikawa Kenya, na jamii zilizokuwa zikiishi pamoja zikajikuta chini ya serikali mbili. Waiteso wako pande zote mbili, Wasamia vilevile. Wajopadhola wako Tororo, nao hufanya biashara na majirani wao wa Malaba na Busia kila siku. Trekta la kukodi halina uraia katika mazingira kama haya. Linafuata msimu, yaani kulima kabla ya mvua, kubeba miwa, kisha kuzungusha mashine ya kupukuchua mahindi mavuno yanapoingia. Linapohama kutoka upande mmoja kwenda mwingine, sheria inayolihusu hubadilika, lakini shafti yake haibadiliki.

Katika makala haya, "trekta la zamani" halina maana ya kifaa cha maonyesho. Huko Uingereza, matrekta ya miaka ya 1940 na 1950 ni mali ya wakusanyaji, wanaoyapaka rangi na kuyaendesha siku za sherehe. Kwetu, trekta la umri mkubwa, kama Massey Ferguson 135 ambalo lilianza kutengenezwa Coventry katikati ya miaka ya 1960, ni chombo cha riziki. Tofauti hiyo ni ya msingi. Mkusanyaji ana muda wa kutafuta kipande kilichopotea ili trekta lirudi katika sura yake ya kwanza, ilhali mwenye trekta la kukodi hutafuta kwanza kipande kitakachoifanya injini iwake kesho asubuhi.

2. Shafti na hatari yake

Tunapaswa kueleza kifaa chenyewe kabla ya kueleza jina lake. Nyuma ya trekta, chini ya kiti cha dereva, kuna ncha ya chuma yenye meno inayotoa nguvu ya injini ili izungushe mashine nyingine. Mafundi wengi huiita kwa herufi tatu za Kiingereza, PTO. Makala haya yataiita shafti ya nguvu. Kutoka kwenye ncha hiyo hutoka shafti ndefu yenye viungo vya msalaba, ambayo mafundi wengine huiita propela kwa kuifananisha na ile ya lori, nayo huunganisha trekta na mashine ya kupukuchua, ya kukata majani au ya kusukuma maji.

Mwendo wa kawaida wa shafti hiyo ni mizunguko 540 kwa dakika, yaani mizunguko tisa kila sekunde. Ncha yenye kipenyo cha milimita 35, ambacho ni kipimo cha kawaida cha leo, ina mzingo wa takriban milimita 110. Kwa hiyo nguo iliyonaswa humezwa kwa kasi ya karibu mita moja kwa sekunde. Kanga yenye urefu wa mita moja na nusu huisha katika muda ambao aliyeivaa hajamaliza hata kugeuka. Aidha, kila mzunguko huongeza unene wa kilichoviringwa, na unene ukiongezeka kasi ya kuvuta nayo huongezeka. Ndiyo maana ushauri wa kuwa mwangalifu, ingawa ni mwema, hauwezi kuchukua nafasi ya kinga, kwa sababu muda wa kuwa mwangalifu haupo.

Kinga yenyewe ina sehemu mbili. Ya kwanza ni bamba la chuma lililofungwa kwenye trekta, linalofunika ncha ya shafti kwa juu na pembeni. Ya pili ni bomba, siku hizi la plastiki, linaloivika shafti ndefu kwa urefu wake wote. Bomba hilo limewekwa ili lisizunguke pamoja na shafti, na kwa kawaida huzuiwa kwa mnyororo mwembamba unaofungwa mahali palipotulia. Mnyororo ukikatika na bomba likaanza kuzunguka, kinga inabaki machoni lakini kazi yake imekwisha.

Wanaokaa karibu na shafti hiyo wakati wa kupukuchua mahindi si madereva peke yao. Wapo tanboi, wenye mahindi, wanawake waliovaa gomesi, vitenge na leso, na watoto waliokuja kuokota punje. Nguo hizi ni za heshima na za kazi kwa pamoja, na zote zina ncha zinazoning'inia. Kifaa kilichobuniwa kwa kumfikiria mkulima mmoja aliyevaa ovaroli, akiwa peke yake shambani, kimeingia katika kazi ya kijamii yenye watu wengi.

3. Mashine zilizotangulia kinga

Shafti ya nguvu ilianza kuuzwa kibiashara kwenye matrekta ya Marekani mwishoni mwa miaka ya 1910, na kabla ya miaka ya 1920 kwisha wahandisi wa huko walikuwa wamekubaliana juu ya vipimo na mwendo wake. Makubaliano hayo yaliwezesha mashine ya kampuni moja kuzungushwa na trekta la kampuni nyingine. Soko lilihitaji usanifu wa mwendo mapema kuliko lilivyohitaji usanifu wa usalama.

Trekta lililoeneza kilimo cha mashine katika makoloni ya Uingereza baada ya Vita Vikuu vya Pili lilikuwa Ferguson TE20, lililotengenezwa Coventry kati ya 1946 na 1956. Zaidi ya matrekta 500,000 ya aina hiyo yalitoka kiwandani. Ncha ya shafti yake ilikuwa na kipenyo cha inchi moja na moja ya nane, nyembamba kuliko inchi moja na tatu ya nane iliyokuja kuwa kipimo cha kawaida. Tofauti hii ndogo ilileta tatizo lisiloonekana mara moja. Ili trekta hilo lizungushe mashine ya kisasa zaidi, fundi huongeza kipande cha kuunganisha kati ya ncha nyembamba na shafti nene. Kipande hicho huirefusha ncha na kuitoa nje ya eneo ambalo bamba la awali lingeweza kulifunika. Hapo kinga inaachwa nyuma na ukarabati wenyewe, hata kama fundi hakukusudia kuiondoa.

Uingereza ilitunga Sheria ya Usalama, Afya na Ustawi katika Kilimo mwaka 1956, na mwaka uliofuata zikatolewa kanuni mahususi kuhusu shafti za nguvu za matrekta. Tarehe hizi zina uzito kwa hoja yetu. TE20 la mwisho lilitoka kiwandani mwaka uleule ambao sheria mama ilipitishwa. Kwa hiyo kizazi kizima cha matrekta hayo kiliundwa kabla ya kanuni za kinga. Tena kanuni zenyewe zilikuwa za mashamba ya Uingereza. Matrekta yalivuka bahari, kanuni zikabaki.

4. Uzio wa kiwanda na shamba lisilo na uzio

Haitakuwa kweli kusema kwamba utawala wa kikoloni haukuijua hatari ya shafti inayozunguka. Uliijua vizuri, lakini ndani ya kiwanda. Sheria ya Viwanda ya Kenya ya mwaka 1950, iliyoanza kutumika Septemba 1951, ilifuata mfano wa Sheria ya Viwanda ya Uingereza ya 1937, nayo ilidai kwamba mitambo ya kusafirisha nguvu izungushiwe uzio imara. Neno lililotumiwa katika Kiingereza cha sheria hizo ni lilelile linalotumika kwa uzio wa boma au wa bustani.

Uteuzi huo wa neno una historia yake. Katika viwanda vya karne ya 19, shafti moja ndefu ilipita juu au kando ya ukumbi, na mikanda ikateremka kutoka kwayo hadi kwenye kila mashine. Shafti ilikuwa na mahali pake. Mtu angeweza kuwekewa ua kati yake na shafti, na ua huo ukakaa miaka mingi bila kuguswa. Fikra hii ilifaa katika vinu vya kuchambua pamba vya mashariki ya Uganda na katika kiwanda cha saruji cha Tororo kilichofunguliwa mwaka 1953. Haikufaa kwa shafti inayofungwa na kufunguliwa mara nne kwa siku, ikihamishwa kutoka boma hadi boma. Kitu kinachohama hakizungushiwi uzio, huvikwa.

Hivyo, kwa miongo kadhaa, mfanyakazi wa kinu cha pamba alikuwa na sheria ya kumtenga na shafti, na ndugu yake aliyelima pamba hiyohiyo hakuwa nayo. Kenya ilipanua wigo mwaka 1990, sheria ilipobadilishwa jina ili ihusu viwanda na mahali pengine pa kazi. Uganda ilifuta sheria yake ya viwanda kwa Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006, na Kenya ikatunga Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, inayohusu kila mahali ambapo mtu yeyote yuko kazini, iwe kwa muda au kwa kudumu. Tanzania ilitangulia kwa sheria yake ya mwaka 2003. Kwa maandishi, basi, ua wa nyumba ambamo mahindi yanapukuchuliwa kwa malipo umeingia ndani ya sheria. Uzoefu wa ukaguzi, hata hivyo, umejengwa juu ya jengo lenye lango na anwani.

Sheria za kimataifa zinaonyesha mvutano huohuo. Mkataba Na. 119 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1963, ulikwenda mbali kwa kutaka kuuza na kukodisha mashine zisizo na kinga kupigwe marufuku, ziwe mpya au zilizokwisha kutumika. Lakini kuhusu mashine za kilimo zinazohama, mkataba huo unajifunga kwenye usalama wa wafanyakazi walioajiriwa kuhusiana na mashine hizo. Mtoto anayeokota punje na mama aliyeleta gunia lake hawamo.

5. Miaka ya uhaba

Historia ya kisiasa ya eneo hili iliongeza tabaka lake. Kufukuzwa kwa Waasia nchini Uganda mwaka 1972 kuliwaondoa wengi waliokuwa wakiagiza na kuuza vipuri. Kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 kukazidisha ugumu wa biashara halali mpakani. Busia na Malaba zikawa njia kuu za magendo, neno la Kiswahili ambalo Waganda wa kizazi hicho wanalifahamu hata wale wasiosema Kiswahili.

Uchumi wa uhaba una mantiki yake katika kuchagua vipuri. Beringi, chujio la mafuta na pampu ya dizeli vina uwezo wa kulisimamisha trekta. Visipopatikana, hakuna kazi wala malipo. Bamba la kinga likipinda au bomba likipasuka, trekta linaendelea kulima na kuzungusha. Tena sehemu za kutilia grisi ziko kwenye viungo vya msalaba, na fundi hawezi kuzifikia vizuri kabla ya kuisogeza au kuitoa kinga. Kifaa kinachotolewa mara kwa mara, kisicholeta pesa, na ambacho hakuna mkaguzi anayekiulizia, kitatolewa siku moja kisirudishwe. Hali hiyo ikirudiwa kwa wamiliki watatu au wanne wa trekta moja, mmiliki wa mwisho hajui kwamba kuna kitu kilichopungua. Kwake, shafti iliyo wazi ndiyo sura ya trekta.

Hapa ndipo historia ya kifaa inapogeuka kuwa suala la lugha. Kitu kisichoonekana wala kutajwa kwa kizazi kizima hakiwezi kudaiwa, kuagizwa dukani wala kuandikwa katika mkataba wa kukodi.

6. Jina la kifaa

Msamiati wa trekta katika Kiswahili umekua kwa kukopa kutoka Kiingereza bila shida: trekta, plau, haro, trela, shafti, injini, gia. Maneno haya yanaeleweka Mombasa, Mwanza, Busia na Tororo. Sehemu zinazofanya kazi zimepata majina. Sehemu inayozuia madhara haijapata jina moja. Kuna angalau maneno manne yanayoweza kushindania nafasi hiyo, na kila moja linabeba fikra tofauti.

La kwanza ni kifuniko, pamoja na mkopo wake, kava. Ni neno jepesi na linaeleweka kote, lakini maana yake ya msingi inatokana na chungu na sufuria. Kifuniko huwekwa ili kiondolewe. Kupika kwenyewe kunataka kifunuliwe. Anayeambiwa kwamba shafti ina kifuniko haambiwi kwamba ni hatari kukitoa.

La pili ni ngao. Lina hadhi, na linaonekana kwenye nembo za taifa za Kenya na Uganda, lakini ngao hushikwa na anayejilinda. Likitumiwa hapa, jukumu linaelekezwa kwa mtu aliye karibu na mashine badala ya mwenye mashine.

La tatu ni ala, kwa maana ya ala ya kisu. Kwa umbo, hili ndilo sahihi zaidi kwa bomba linaloivika shafti: kitu chenye makali kimevikwa, na makali yanabaki humo. Hata hivyo, ala ina maana nyingine nyingi, zikiwamo za zana na vyombo vya muziki, na kwa msemaji wa Kiswahili kama lugha ya pili au ya tatu, ambao ndio wengi Tororo, maana ya ala ya kisu huenda isiwe ya kwanza kumjia.

La nne ni kinga. Kitenzi chake ni cha kila siku: tunakinga maji ya mvua, tunakinga jua kwa mkono, tunakingana na baridi. Kinga ni kitu kinachosimama kati ya hatari na mtu na kubaki hapo. Neno hili limekwisha kuingia katika lugha ya afya kupitia chanjo, na hivyo linafahamika hata vijijini kama jambo linalofanywa kabla ya madhara kutokea. Makala haya yanapendekeza kinga ya shafti kuwa istilahi ya jumla, bamba la kinga kwa sehemu iliyo kwenye trekta, na bomba la kinga kwa sehemu inayoivika shafti ndefu. Uzio ubaki kwa mitambo isiyohama.

Inaweza kupingwa kwamba fundi hahitaji istilahi bali hela. Hoja hiyo ina ukweli, lakini haijakamilika. Bamba la kinga linaweza kutengenezwa na mchomeleaji wa jua kali kwa bati nene na boliti nne. Kinachomzuia mwenye trekta kuliagiza si bei peke yake. Hakuna anayemuuliza liko wapi, na hakuna hati yoyote anayoielewa inayolitaja. Bomba la kinga ni jambo jingine: lisipotulia wakati shafti inazunguka, huleta imani ya uongo, na kwa hiyo ni afadhali linunuliwe likiwa limeundwa kwa kazi hiyo.

7. Mapendekezo kwa watunga sera

Mkataba Na. 184 wa Shirika la Kazi Duniani, kuhusu usalama na afya katika kilimo, uliopitishwa mwaka 2001, unataka watengenezaji, waagizaji na wauzaji wa mashine watoe maelezo pamoja na alama za hatari katika lugha rasmi za nchi ya mtumiaji. Mkataba huifunga nchi iliyouridhia tu, lakini kifungu hicho ni mfano mzuri kwa yeyote. Kiswahili ni lugha rasmi nchini Kenya kwa Katiba ya 2010, na nchini Uganda ni lugha rasmi ya pili tangu mabadiliko ya Katiba ya 2005. Sheria za usalama kazini za nchi zote mbili, pamoja na vitabu vya mashine, zinasomwa kwa Kiingereza. Kutokana na hayo, tunapendekeza yafuatayo.

Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ishirikiane na mamlaka za usalama kazini kusanifu istilahi chache za sehemu hatari za mashine za kilimo, kisha zifafanuliwe kwa Ateso, Kidhopadhola na Kisamia. Istilahi ishirini zinazotumika zina faida kuliko kamusi nzima isiyofika gereji.

Pili, matrekta yaliyokwisha kutumika na shafti zake yakaguliwe kwa swali moja la wazi yanapoingizwa kupitia vituo vya pamoja vya mpakani vya Busia na Malaba: je, kinga ipo na imetulia? Swali hilo halihitaji maabara.

Tatu, kwa kuwa kilimo nchini Kenya ni jukumu la kaunti na usalama kazini ni la serikali kuu, kaunti zinazokodisha matrekta ziweke sharti la kinga katika mikataba yao wenyewe. Wilaya za Uganda zinaweza kufanya vivyo hivyo kwa matrekta yanayotolewa kwa vikundi.

Nne, ulinzi wa kisheria usimhesabu mwajiriwa peke yake. Kila aliye ndani ya eneo la mashine inayozunguka, awe mteja, jirani au mtoto, ahesabiwe.

8. Hitimisho

Kinga ya shafti ni kipande kidogo cha chuma na plastiki, lakini kutokuwepo kwake kumechukua zaidi ya nusu karne kutengenezwa. Kulianzia kwenye soko lililosanifu mwendo kabla ya usalama, kukapitia sheria iliyofikiria uzio mahali palipohitaji vazi, kukakomazwa na miaka ya uhaba, na hatimaye kukawa kawaida kwa kukosa jina. Wachunguzi wa lugha hawawezi kutengeneza bamba wala kumtuma mkaguzi shambani. Wanachoweza kufanya ni kuhakikisha kwamba mama anayefikisha gunia lake la mahindi kwenye mashine, Busia au Tororo, ana neno la kumuulizia mwenye trekta kabla injini haijawashwa: kinga iko wapi?